Mikutano mitano baada ya mafuriko: nyota nne kutoka kwa fundi seremala

Fomu ya kujiandikisha kwenye huduma ya msaada wa kisaikolojia aliijaza mke wangu. Namba ya simu akaweka yake, maana alijua yangu nisingeipokea, na kwenye mstari ulioandikwa "tatizo" akaweka maneno mawili: "Hapati usingizi." Mimi nililetewa siku na saa tu, kama mtoto anayepelekwa kung'olewa jino. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyekwenda shingo upande. Nilikwenda mara tano, na mara ya tano nilifika kabla ya mlango kufunguliwa.

Natoa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozieleza, na moja kati yake bado inaniuma.

Huduma yenyewe iko hivi: unakutana na msaidizi mmoja, ana kwa ana, mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki tano. Hulipi kitu. Shirika lililonihudumia silitaji kwa kuwa mpango si wao peke yao. Ulitungwa na Shirika la Afya Duniani, likautoa mwaka 2016 kwa jina la Problem Management Plus, yaani kukabili matatizo na zaidi, kwa kifupi PM+, na hutumika kwa watu waliopigwa na shida za kila namna, vita, ukatili, majanga. Ulipimwa kwa utafiti Pakistan na Kenya, na walioupitia walipungukiwa na dhiki kuliko ambao hawakuupitia. Msaidizi si daktari wala mwanasaikolojia. Ni mtu wa kawaida aliyefundishwa, na nyuma yake kuna mtaalamu anayemsimamia. Nilipoambiwa hivyo siku ya kwanza nilitaka kuondoka. Nimefundisha vijana useremala zaidi ya miaka 20, najua mwanafunzi wa wiki chache anavyoweza kuharibu ubao mzuri.

Nieleze kwanza hali niliyoingia nayo, ili mwenye inayofanana ajipime.

Maji yalitujia usiku. Mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka tisa tulikaa juu ya paa hadi kukapambazuka. Nyumba ilibaki imesimama, karakana ikaondoka na karibu kila kilichokuwa ndani. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa mzima kabisa. Nilizoa matope, nikazibua mifereji, nikabeba wagonjwa, watu wakanisifu. Tabu ilianza mahema ya misaada yalipokunjwa na kila mtu akarudi kwake. Hapo ndipo nilipoanza kuamka usiku kuishika sakafu. Naamka, nainama, naweka kiganja chini kuona kama pamelowa. Pakavu. Narudi kulala. Nusu saa haipiti, nainama tena. Mvua ikinyesha sijilazi hata kidogo, nakaa mlangoni nimevaa viatu. Siku moja binti yangu aliacha bomba likidondoka, nikamfokea mpaka nikaona mikono yake inatetemeka. Sikuwahi kumfokea hivyo tangu azaliwe. Mchana nilikuwa nakaa pale ilipokuwa karakana, juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikitazama. Mteja akija kuulizia kazi yake namwambia wiki ijayo. Nilisema "wiki ijayo" kwa miezi mitatu.

Sikulia hata mara moja. Nadhani ndiyo maana nilijihesabu mzima.

Na si kwamba sikuwahi kujaribu msaada. Wiki ileile ya kwanza kuna watu walikuja na huduma yao, tofauti na hii. Tulikalishwa duara, watu kama 15, tukaambiwa kila mmoja aeleze alichokiona, kwa zamu, bila kuruka, eti kitoke moyoni. Mama mmoja aliyefiwa na mtoto akaeleza. Aliyemfuata alikuwa kijana, naye akaeleza yake huku macho hayatoki kwa yule mama. Zamu yangu ilipokaribia nikasema naenda msalani. Sikurudi. Nilichoondoka nacho siku ile ni misiba ya watu wengine kumi juu ya wangu, na kwa muda mrefu nilijilaumu kwamba nimekimbia dawa. Sikuwa nimekimbia dawa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2002 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba kikao kimoja cha kumsimulisha mtu tukio mara tu baada ya janga, hata akiwa peke yake na msaidizi, hakimkingi na ugonjwa wa kiwewe, na wakashauri watu wasilazimishwe tena. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011, wa Shirika la Afya Duniani na wenzake, unashika njia nyingine: tazama nani anahitaji nini, sikiliza anayetaka kusema, muunganishe mtu na watu wake na msaada uliopo. Blanketi, habari za ndugu waliopotea, mahali salama pa kulala. Anayetaka kunyamaza anaachwa anyamaze.

Basi siku ya kwanza ya hii mikutano mitano nilikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, miguu imeelekea nje.

Msaidizi alikuwa binti, wa kumzaa kabisa. "Karibu, Fundi," akasema, na mimi nikashtuka, nitasema baadaye kwa nini. Alianza na mambo ya siri: nitakayosema yatabaki humo, isipokuwa nikiwa katika hatari ya kujidhuru au kumdhuru mtu, hapo atamweleza msimamizi wake. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuwa na mawazo ya kujiua. Aliuliza wazi, kama daktari anavyouliza kama una homa. Nikajibu hapana, na ilikuwa kweli, lakini nilijua kwamba ningejibu ndiyo asingepiga kelele. Halafu akasema jambo ambalo nilimwomba alirudie: "Hapa hutalazimishwa kusimulia usiku ule. Ukitaka, nitasikiliza. Usipotaka, tunazo kazi nyingine za kufanya."

Akarudia. Nikageuza kiti.

Alinieleza kwamba kuamka usiku, kushtukashtuka, hasira, kichwa na mgongo kuuma pasipo ugonjwa, si wazimu na si udhaifu. Mwili umejifunza hatari na haujasadiki kwamba imepita. Wengi hupoa wenyewe kadiri siku zinavyokwenda, ndiyo maana madaktari hawaiti hali hiyo ugonjwa wa kiwewe mpaka izidi mwezi mmoja na iwe inamvurugia mtu maisha yake. Mimi mwezi nilikuwa nimeuvuka mara tano.

Kisha tukapumua. Ndiyo, kupumua. Unavuta hewa kwa hesabu ya tatu, unaitoa kwa hesabu ya tatu, tumbo litangulie kifua, mkifuata mlio wa saa ya ukutani. Nilijiona mjinga. Nina miaka 52, nimepumua yote hiyo bila mwalimu. Nyumbani nilijaribu siku mbili nikaacha: saa ya ukutani ilikwenda na maji, na kuhesabu kichwani kulinifanya nizikimbize namba.

Wiki ya pili nikamwambia haifanyi kazi. Nilitegemea anikosoe. Yeye akauliza, "Kwenye kazi yako, kuna kitu mkono unakifanya polepole, kwa kurudiarudia?" Nikasema kupiga randa. "Nionyeshe." Basi nikasimama katikati ya chumba, mtu mzima, nikapiga randa hewani. Sukuma, rudisha. Sukuma, rudisha. Akaniambia, "Ukisukuma toa pumzi, ukirudisha vuta." Na kweli, anayejua randa hawezi kuikimbiza. Ukiharakisha inaruka, inakwaruza ubao. Tangu usiku huo ninapolala mkono wangu mmoja hutembea juu ya shuka kama unalainisha mninga. Mke wangu alicheka mara ya kwanza, sasa amezoea. Usingizi hauletwi na hilo, nisidanganye mtu. Kinachoondoka ni ile haja ya kuinama kushika sakafu, na usingizi ukikuta haja hiyo haipo, mara nyingine huja wenyewe.

Sehemu ya matatizo ingekuwa inapewa nyota peke yake, ningeipa tano. Nilipewa karatasi, nikaorodhesha mambo yanayonisumbua, yakafika 11. Kisha tukayagawa mafungu matatu: yasiyo na uzito, yanayotatulika angalau kidogo, na yasiyotatulika. Hili sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mbao zikitoka majini huzitazami zote kwa pamoja ukakata tamaa. Unazipanga. Hizi zikikauka kivulini taratibu zitafaa, hizi zimepinda lakini zitatoa vipande vifupi, hizi zimeoza, weka kando. Mimi kwa miezi mitano nilikuwa natazama lundo zima.

Kwenye orodha yangu "karakana" ilikuwa tatizo moja. Msaidizi akasema hilo halinyanyuliki, tulikate. Likawa vifaa, benchi, paa, na wateja watatu walionilipa nusu kabla ya mafuriko. Tukachukua hao wateja. Akanitaka nitaje kila njia inayowezekana, hata ya kipuuzi. Nikasema nihamie mbali wasinione tena. Akaandika, wala hakucheka, "kuhama," njia namba moja. Njia namba nne ilikuwa kwenda kuwaona mmojammoja na kuwaambia ukweli. Nikaondoka na hiyo, siku na saa imeandikwa. Wa kwanza alisema alidhani nimehama. Wa pili akasema kabati lake analitaka lilelile na atangoja. Wa tatu alinitukana mbele ya watu, na ana haki yake. Lakini jioni ile nilipita njia ya kawaida kurudi nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu mafuriko, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumkwepa.

Karibu hapakuwa.

Katika fungu la tatu, la yasiyotatulika, nilikuwa nimeandika herufi moja tu, M. Msaidizi aliiona wiki ya pili na hakuuliza. Wiki ya tatu ilinyesha tukiwa ndani. Chumba kile ni cha bati tupu bila dari, na mvua kwenye bati unajua inavyosema. Nikajikuta nimesimama mlangoni. Naye akasimama. "Tungoje, au tuendelee, Fundi?"

Hapo nikamwambia. Ukuta kwa ukuta na sisi alikuwa akiishi mzee mmoja peke yake. Usiku ule aliita. Jina langu hakuliita. Aliita, "Fundi! Fundi!" kama alivyoniita kila siku. Nilikuwa na binti yangu mgongoni, mkono wa mke wangu mkononi, maji yako kiunoni. Nikawapandisha wao. Nilipogeuka, sauti haikuwapo. Tangu siku hiyo kila aliyeniita Fundi, na mtaa mzima hauna jina jingine la kuniita, aliniita kutoka nyuma ya ukuta ule.

Watu wachache waliolijua jambo hili walishaniambia si kosa langu. Wananiambia haraka, na kila mara niliona wanataka tuhamie mazungumzo mengine. Binti yule hakusema si kosa langu. Alikaa. Mvua ikapungua. Ndipo akauliza, "Ungependa nikuite nani?"

Nilifikiri sana, kisha nikampa jina langu la utotoni, ambalo hata nyumbani halitumiki. Mikutano iliyobaki aliniita hilo. Ile M tuliiacha kwenye fungu lake. "Hii hatutaitatua," alisema. "Tuangalie inakufanya nini mchana, hapo labda tuna la kufanya." Sijui kama hayo yamo kwenye kitabu chake au yalitoka kwake mwenyewe. Kama yamo, kitabu kiliandikwa na mtu anayejua kazi.

Inanifanya nini mchana? Inanikalisha juu ya ndoo. Na hapo ndipo sehemu ya tatu ya mpango inapoingia, wanaiita anza na endelea. Wanasema ukiacha shughuli zako huzuni inapata nafasi, ikipata nafasi unazidi kuacha shughuli, na ukingoja hamu irudi kwanza utangoja sana. Anza bila hamu. Sawa, nikasema, nitajenga benchi. Akasema gawa. Basi nitasafisha vifaa vyote nilivyookota. Gawa. Basi randa moja. "Dakika ngapi?" Nikasema 15. "Siku gani? Saa ngapi?" Nilikasirika kidogo. Ningemwambia mwanafunzi wangu mpya maneno hayohayo.

Randa hiyo ilikuwa imekaa kwenye matope hadi kutu imekuwa ngozi ya pili. Siku ya kwanza niliichomoa kabari, nikatoa kisu, nikakiloweka kwenye mafuta ya taa, dakika 15 zikaisha, nikaacha. Niliacha kweli, maana mikono ilikuwa inatetemeka. Siku ya pili msasa. Siku ya tatu msasa tena, kisha jiwe. Siku ya nne kisu kilinyoa vinyweleo vya mkono wangu, na seremala yeyote anajua maana ya hapo.

Kifaa kingine kilichopona ni pimamaji. Jina lake nalo! Nilikifuta, nikakiweka juu ya meza, kipovu kikatulia katikati kama hakijawahi kutoka nyumbani. Mke wangu akakitazama akasema, "Hicho kimepima maji ya kutosha." Tulicheka wote wawili, kicheko cha ajabu, kirefu kuliko mzaha wenyewe.

Mkutano wa nne ni wa watu: nani unaweza kumwegemea, na kwa jambo gani dogo. Niliandika majina manne, la mwisho nikalifuta, nikaliandika tena. Ni mtoto wa yule mzee. Alikuwa amerudi kushughulikia nyumba ya baba yake, na ndiye huyo niliyekuwa nikimkwepa hata baada ya wateja kwisha. Kazi niliyopewa haikuwa kuungama. Ilikuwa kumwomba anishikie upande wa pili wa ubao nikipasua. Akaja. Siku mbili hatukusema kitu zaidi ya "shikilia" na "legeza." Siku ya tatu akasema, "Baba alikuwa analalamika sana, kwamba msumeno wako unaanza kabla ya jua." Nikamwambia ni kweli, alishanigongea ukuta mara nyingi. Tukaendelea kupasua. Lile jingine sijamwambia. Anakuja bado.

Wa tano ni wa kuangalia nyuma na mbele. Anakurudishia yale uliyosema siku ya kwanza na jinsi uliyoyapima uzito, mnalinganisha. Kisha anakusimulia visa vya watu wengine wenye shida, wewe ndiye unashauri. Nilishangaa nilivyokuwa na ya kusema. Akanieleza pia kwamba hali inaweza kurudi: mvua kubwa ya kwanza, harufu ya matope, tarehe ya kutimiza mwaka. Ikirudi si kwamba kila kitu kimebomoka, rudia yaliyofanya kazi. Niliandika nyuma ya mlango wa kabati kwa penseli ya useremala: randa, gawa, ita mtu.

Sasa kasoro.

Hiyo bati. Huduma ya watu waliookoka mafuriko, kwenye chumba kisicho na dari, msimu wa mvua. Mimi ilinifungua mdomo, lakini hiyo ni bahati. Ninaweza kuwawekea dari bure na nimewaambia. Karatasi za kazi za nyumbani zina visanduku vidogo kama vya kuandikia mchwa, na wino wa nakala umefifia. Wiki ya kwanza msaidizi alikuwa anasoma kwenye mwongozo huku kidole kikifuata mstari. Wengine wamelalamikia hilo. Mimi silalamiki, hata mimi nilipokuwa nikijifunza nilipima mara nne kabla ya kukata.

Mikutano mitano ni michache kwa aliyebeba kizito. Mimi wa tatu ndio uliofunguka, ikabaki miwili. Kuna mpango wa kupelekwa kwa mtaalamu kwa anayehitaji zaidi, na nakubali kwamba waliniuliza. Lakini mtu mwenye aibu kama mimi anahitaji kuulizwa mara mbili.

Na huduma hii haijengi nyumba. Kama bado unalala hemani na huna pa kuoga, utajifunza kupumua na bado utakuwa huna pa kuoga. Mwambie msaidizi hayo kwanza. Wangu alikuwa na orodha ya ofisi na mahali pa kuuliza, na kushughulikia fomu ya paa ikawa moja ya kazi zetu za wiki. Pia kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kinywaji kimekushika tangu asubuhi, au umeanza kupanga namna ya kufa, usingoje zamu ya mkutano. Nenda hospitali leo, na mtu akusindikize. Hata wao watakuambia hivyo, mpango huu haukukusudiwa kwa hali hizo.

Sasa ile inayouma. Binti yangu, miaka tisa, alianza kukojoa kitandani miezi mitatu baada ya mafuriko. Analala na mkoba wa shule umejaa nguo na viatu vyake, tayari kwa paa. Nilipomweleza msaidizi akaniambia watoto wengi hurudi nyuma hivyo baada ya janga, tusimkaripie, tumrudishie ratiba yake ya kila siku, tujibu maswali yake kwa ukweli wa kiasi chake, tumwache acheze hata mchezo wa mafuriko akitaka. Tumefanya. Imesaidia kidogo, shuka hulowa mara chache zaidi. Lakini huduma hii ni ya watu wazima. Ya watoto ipo, tuliambiwa, kuna orodha, tutapigiwa ndani ya wiki mbili. Hiyo ni miezi miwili na nusu iliyopita. Simu ya kunifuatilia mimi mwenyewe, iliyoahidiwa, nayo haijalia.

Juzi ilinyesha usiku. Nilishika sakafu mara moja, nikajilaza. Kisha nikasikia zipu ya mkoba chumba cha pili. Nikaenda, nikamkuta amekaa kitandani gizani, viatu miguuni. Nikakaa karibu naye, nikamshika mkono, nikamwonyesha. Sukuma, toa. Rudisha, vuta. Akauliza tunalainisha nini. Nikamwambia mlango. Akataka kujua mlango wa nani, nikasema wa karakana mpya, basi tukaupiga randa mlango huo mzima, upande wa mbele na wa nyuma, mpaka akalala na viatu vyake. Sikumvua.

Wenye huduma, kama mnasoma: jina lake liko kwenye orodha yenu ya watoto, na namba iliyopo ni ya mama yake, hupokelewa. Siku mtakayopiga nitakuja kubadilisha nyota.